Sauti Nyuma ya Nyumba

Sijawahi kumwambia mtu hili: filamu za mizimu huwa nazitazama bila sauti.

Lakini leo mchana nilijifanya mtaalamu mbele ya mdogo wangu, Neema.

"Mzimu hauji ghafla," nikamwambia. "Kwanza unasikia kitu cha kawaida. Kisha kilekile, kimebadilika kidogo. Kusubiri ndiko kunakotisha."

Hapo hapo sauti ikaita nyuma ya nyumba. "Neema!"

Ilikuwa sauti ya bibi. Na bibi alikuwa ameenda kanisani.

Bibi mwenyewe ndiye aliyetufundisha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. (Kwenu pia ni hivyo?)

Ikaita tena, chini zaidi.

"Kaka, ni kama ulivyosema," Neema akanong'ona.

Ya tatu ilikuwa pumzi tu.

Kwenye filamu, nimesikia wakisema, sauti ya mzimu huzidi nguvu. Hii ilikuwa inaisha.

Nikatoka mbio.

Bibi alikuwa chini kando ya banda la mbuzi, bado na nguo za kanisani, mguu umepinda vibaya.

"Nimewaita, jamani. Mlikuwa wapi?"

"Bibi, si ulisema tusiitike?" Neema akalia.

Bibi alifumba macho kwa maumivu.

Nilimpigia mama simu, kisha nikasimama nikimkinga bibi jua kwa khanga hadi bajaji ilipofika.