Kanga Aliyewataka Kuku

Ninyi vijana mnaookota mayai ya kanga porini, someni haya. Shule niliishia darasa la pili, lakini hili nililifanya kwa mikono yangu na bado linaniuma.

Mwaka ule kideri kilipita kijijini kikafagia mabanda ya kuku. Kwangu walibaki majike watatu na jogoo mmoja, mbegu niliyopewa na mama siku naolewa. Hao wakiisha, imekwisha.

Wakati wa palizi ya mtama nikakuta mayai ya kanga kwenye majani. Nikamwekea kuku aliyekuwa anaatamia, kama tunavyofanya siku zote. Walitoka wanne, umande ukaua watatu. Aliyebaki alikuwa dume, nikamwacha akue peke yake katikati ya kuku. Hapo ndipo nilipokosea. Hakuwahi kumwona kanga mwenzake, akajua yeye ni kuku.

Alipokomaa akawataka kuku. Jogoo akisogea, ananyofolewa manyoya ya shingo mpaka damu. Ikawa anashinda nyuma ya choo, hawiki.

Nikaazima kanga jike kwa jirani. Dume akamkimbiza uwanja mzima. Jirani akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, kijana wako amekataa posa! Anasema binti hana upanga mwekundu kichwani!"

"Cheka tu," nikamwambia. "Kwako hakuna kinachokwisha."

Mke wa mwanangu akasema, "Mama, tumfunge kamba." Tukamfunga. Akapiga kelele kutwa, akajichuna mguu. Nikamwonea huruma, nikamfungua mwenyewe.

Kuku mmoja akaatamia mayai kumi na moja. Siku zake zikapita. Kumi yalikuwa viza. Moja likatoa kifaranga, kimechelewa siku tatu: miguu ya kuku, kichwa cha kanga. Kilipolia, mama yake alikisikiliza, akainuka, akaenda zake. Jioni kilikuwa kimekufa. Hata kingeishi, niliwahi kumwona wa namna hiyo kwa watu. Alikaa miaka, hakutaga hata yai moja.

Yule kanga hakukosa. Aliwataka waliomlea, na aliyempeleka kwao ni mimi. Lakini jogoo alikuwa anazeeka.

Asubuhi nikawaita wote wa nyumbani uani.

"Mkamateni kanga, mchinjeni. Jogoo mfungieni bandani na majike yake. Na mchuzi huo mle ninyi, mimi msinipakulie."