Matroni Atupele na Matuta ya Kifipa

Matroni Atupele anaendesha pikipiki. Hilo ndilo jambo la kwanza nililosikia juu yake. Nililisikia kwa mwanangu Modesta, kwenye simu, siku ya tatu tu tangu aingie chuo cha ualimu pale Sumbawanga. Nilikuwa nimemwuliza kama amepata blanketi la pili, maana upepo wa mjini asubuhi unapenya hata sweta. Akanijibu, "Mama, matroni wetu anaendesha pikipiki mwenyewe, na gambuti mguuni." La blanketi hakulijibu.

Kazi ya matroni ni kuwaangalia wasichana wa hosteli. Anagawa vitanda, anafunga geti, anawapeleka hospitali wakiugua. Mimi nilitegemea mama mnene mwenye funguo kiunoni. Kumbe huyu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mjane wa miaka hamsini na mbili, na mtoto wake wa pekee anafanya kazi Mwanza. Kila Jumapili Modesta alinipa habari mpya yake. Wakati wa usichana wake matroni alikuwa golikipa wa timu ya wanawake, ndiyo maana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda. Anafungua cherehani iliyoharibika akaifunga tena ikashona. Ngumi zikitangazwa redioni hasemeshwi, na mabondia anawajua kwa majina na kwa uzito wao.

Mimi nina miaka arobaini na sita na vidole vyangu vyote vimenyooka. Niliishia darasa la saba. Nimelima, nimezaa wanne, nimezika mmoja, na Modesta ndiye binti pekee. Nikawa nasikiliza habari za mabondia huku nikisubiri aniulize mgongo wangu unaendeleaje.

Kisha ikaja hii: "Mama, matroni anajua Kifipa. Kuliko mimi."

Baba Modesta, jina lake Felisiani, alikuwa amekaa karibu akichonga mpini. Akacheka. "Basi vizuri, atawafundisha wanao. Wewe uliwanyima."

Ni kweli. Nilipokuwa shuleni walinicheka kwa Kiswahili changu, kwa hiyo wanangu niliwasemesha Kiswahili tangu wakiwa mgongoni. Kifipa nilizungumza na mama yangu tu, na tulipomzika sikuwa na wa kuzungumza naye sana. Sasa lugha ya mama yangu alikuwa nayo mwanamke wa Tukuyu, na binti yangu alikuwa anajifunza maamkizi kwake.

Aliipata wapi? Kwa maharage. Kila Jumamosi asipokuwa zamu anapanda pikipiki yake anakwenda vijijini, wiki hii Msanzi, wiki ijayo upande wa Namanyere. Anakaa na wanawake wazee anawaomba mbegu za maharage ya zamani, kiganja kimoja kimoja. Anazitia kwenye chupa, anabandika karatasi yenye jina la mbegu, kijiji na aliyempa. Modesta aliniambia chupa zimefika arobaini na tatu.

"Kaengesa amefika?" nikamwuliza.

"Bado, mama."

"Ana bahati," nikasema.

Januari walitangaziwa kwamba baada ya Pasaka watakwenda mazoezi ya kufundisha, wiki nane. Kila mwanafunzi angejaza fomu na kuchagua shule. Modesta alikuwa na mbili za kuchagua. Moja ni hapa kwetu Kaengesa, robo saa kwa miguu kutoka mlangoni petu. Nyingine iko mjini, na matroni alikuwa amemwambia chumba cha uani kwake kiko wazi. Nilimsihi aje nyumbani. Nilimsihi Januari, nikamsihi Februari. Akawa anasema, "Bado nafikiri, mama." Mimi najua mtoto anayekwenda kwao hafikiri, anafungasha.

Mwezi wa tatu chuo kikafunga kwa siku chache, na Modesta hakuja. Alisema anabaki kumsaidia matroni kulima matuta.

Ninaposema matuta nina maana ya yale yetu ya duara, ambayo bibi zetu waliyaita intumba. Mvua ikiwa bado ipo unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazirundika, zinaozea humo, na juu yake unapanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata unayasambaza na kumwaga ulezi. Mzungu wa mbolea hakutufundisha, tuliyakuta. Modesta tangu darasa la tano alikataa kuyagusa. "Jembe linaharibu mikono, mama." Nikamwacha, maana nilitaka mikono ile ishike chaki. Nililima peke yangu akinipita barabarani na sare yake safi. Sasa alikuwa anamlimia mwanamke mwingine, kwa hiari yake, wakati wa likizo.

Fomu zilikuwa zinarudishwa Ijumaa. Alhamisi nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikafunga kilo tano za unga wa ulezi, nikapanda gari la kwanza kwenda mjini.

Nyumba ya matroni iko nyuma ya hosteli, na shamba lake linaanzia ukutani kwenda bondeni. Njiani nilikuwa nimepanga jinsi ya kumwamkia. Kwa miaka ni mkubwa kwangu, ilibidi nimpe shikamoo, lakini nilipanga kusema "habari za hapa" tu. Hakunipa nafasi. Aliponiona getini aliweka chini ndoo, akapiga goti kwenye udongo, akapiga makofi taratibu na kuniamkia kwa Kifipa, neno kwa neno kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Lafudhi ilikuwa ya Tukuyu, lakini hakukosea kitu. Mimi nilisimama na mfuko wangu wa unga, nikajibu kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye mama Modesta," akasema akiinuka. "Sura hii hii. Mdomo huu huu wa kubisha."

Modesta akatokea nyuma ya nyumba, miguu ndani ya gambuti za matroni, jembe begani. "Shikamoo, mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Ningesema ungenipikia nini, matope?"

Wakacheka wote wawili, na walicheka wakitazamana.

Wakanipeleka shambani. Walikuwa wamefanya kazi ya siku tatu, matuta kumi na tisa, makubwa, yamepangwa vizuri. Na yote yalikuwa yamekosewa. Nyasi zilikuwa juu, zimelala kama nywele kwenye kichwa, na udongo uko chini yake. Inatakiwa kinyume. Nyasi unazipindua ziangalie ndani, kisha unazifunika udongo kabisa ndipo zioze. Haya yalikuwa yameanza kuchipua. Wiki mbili za mvua na kila tuta lingekuwa kichaka, maharage yangesongwa yakiwa bado na majani mawili.

Nilifurahi. Sitalificha hilo. Kwa mara ya kwanza tangu mwanangu aingie chuo niliona kitu ambacho mwanamke yule hakijui.

"Tumepatia, mama Modesta?" akaniuliza. Alikuwa ameshika kiuno, anasubiri kweli.

"Mmejitahidi," nikasema.

Modesta alikuwa anajikuna viganja. Nikaona malengelenge, mawili yamepasuka. Nikatazama pembeni.

Ndani alitupa chai ya maziwa na magimbi. Chupa za maharage zilikuwa zimejaa ukuta mzima, meusi, mekundu, yenye madoa kama mayai ya kware. Mengine sikuwa nimeyaona tangu utoto. Nilitaka kusimama niyashike, nikajizuia. Kisha akaleta daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Kila mbegu na kila kazi ina mwenyewe humu," akasema. "Sipendi kujifanya nimejua mwenyewe." Akafungua ukurasa, akaugeuzia kwangu. Mwandiko wake ni mzuri, wa mviringo. Juu palikuwa pameandikwa: *Matuta ya duara. Kwa maelezo ya Mama Modesta wa Kaengesa, yameletwa na binti yake.* Chini yake, hatua kwa hatua, lilikuwa kosa lote. Udongo kwanza. Nyasi juu.

Nikamtazama Modesta. "Nani alikwambia hivi?"

"Si ndivyo unavyofanya, mama? Nilikuwa nakuona kila siku nikienda shule. Nyasi ziko juu."

Nikaelewa. Asubuhi mimi hukata nyasi na kuzilaza juu ya vilima vya udongo kwanza. Kuzipindua na kuzifunika ni kazi ya mchana, zikishanyauka. Mtoto alinipita asubuhi akaona nusu, jioni akarudi kwa njia ya kanisani na wenzake. Miaka yote ile alikuwa amebeba nusu ya kazi yangu kichwani, akaileta hapa, akaisema kwa jina langu. Alikuwa amenisimulia. Na mimi nilidhani kwenye nyumba hii sitajwi.

"Jumamosi wanakuja kina mama watano wa Msanzi kuyaona," matroni akasema. "Nimewaambia mwalimu wangu ni wa Kaengesa."

Niliwaona akilini kina mama wale wamesimama pale bondeni, wanatazama matuta yenye nywele, wanauliza ni mwanamke gani wa Kaengesa huyo. Nikaweka kikombe chini.

"Nipe jembe," nikasema.

"Sasa hivi?" Modesta akauliza. "Na kitenge cha kanisani?"

"Mnipe na kanga."

Nilivunja tuta la kwanza mbele yao. Nikalijenga upya, nyasi chini zikitazama ndani, udongo juu, nikalipigapiga kwa bapa la jembe mpaka likawa laini kama mgongo wa chungu. Modesta akasimama mikono kiunoni.

"Yaani yote kumi na tisa? Siku tatu zote zile?" Alimtazama matroni ili amtetee.

Matroni alishakunja mikono ya blauzi. "Golikipa akifungwa anaokota mpira wavuni, mwanangu. Chukua jembe."

Neno "mwanangu" lilinichoma, lakini mikono ilikuwa imeshika kazi.

Analima vizuri, siwezi kumnyima hilo. Anainama kutoka nyongani na hasimami ovyo. Tukawa tunakwenda sambamba, na ulimi wangu ukafunguka kidogo.

"Kwenu Tukuyu hamna nyasi?"

"Kwetu unapanda mgomba unakwenda kulala. Hizi adhabu za kupindua nchi nzima ni zenu Wafipa."

"Ndiyo maana mmehamia huku kula maharage yetu."

"Na bado hatujashiba," akasema.

Modesta alipokwenda kuchota maji ya kunywa, matroni akashusha jembe. Alisema kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

"Uliyaona tangu tulipokuleta hapa."

"Niliyaona."

"Ukaniambia nimejitahidi."

Nikaendelea kupindua.

"Mwanangu Mwanza amepanga kwa mama mmoja," akasema. "Kila akipiga simu ananisimulia chapati za huyo mama. Zina tabaka saba, sijui nane. Mimi chapati zangu miaka ishirini hakuzitaja." Akatema mate pembeni. "Yule mama angelima mbele yangu vibaya, ningenyamaza mpaka yaote miti."

Sikucheka. Nilitaka, lakini ningecheka ningeanza kumpenda, na nilikuwa sijafika huko.

Saa kumi tulikuwa tumemaliza matuta kumi na moja. Manane yaliyobaki wangeyamalizia wenyewe, sasa walijua. Tuliponawa, matroni akachukua kalamu, akaufuta ukurasa wangu kwa mistari miwili, akaniomba nimwambie upya. Nikamwambia. Aliandika kila neno, aliuliza nyasi zinyauke kwa saa ngapi, aliuliza kama mvua ikinyesha katikati nafanyaje. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo hayo.

Kisha akamgeukia Modesta. "Fomu yako iko wapi?"

"Ndani ya kitabu."

"Ilete. Jaza Kaengesa. Umekwenda kutangaza kazi ya mama yako na huijui, umetaka kumwaibisha kwa watu wa Msanzi. Wiki nane ukae naye ujifunze, ukirudi unifundishe mimi."

"Sawa, matroni," Modesta akasema. Akaenda, akaileta, akajaza pale pale mezani, mbele ya chupa.

Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimesihi miezi mitatu. Nilitazama kalamu ikiandika jina la shule yetu, nikajua nimepata nilichokifuata, na nikajua nani amenipa. Alipomaliza kujaza hakunionyesha. Alimpa matroni akague, na matroni akakagua, akasema vizuri.

Nilimwachia unga. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema Jumamosi atawapikia uji wake kina mama wa Msanzi na kuwaambia umetoka wapi. Nikasema haya. Asante niliisema pia, lakini nilikuwa nimeshampa mgongo, sijui kama aliisikia.

Modesta alinisindikiza mpaka kituoni. Alinibebea mfuko mtupu. Gari lilikuwa linasubiri lijae, akainamia dirishani.

"Mama, chumbani kwangu kitanda bado kipo?"

"Kipo."

Sikumwambia kwamba nimekitandika tangu Januari, na kwamba kila Jumapili nakung'uta shuka na kulirudisha. Akauliza kama Jumapili ya pili au ya tatu matroni anaweza kuja kuona shamba letu. Nikasema njia iko wazi kwa kila mtu.

"Nitamwambia," akasema, na uso ukamng'aa. Akanipungia mkono, akageuka kurudi kwa hatua za haraka, maana matuta manane yalikuwa yanamsubiri. Gari letu lilikuwa bado halijawashwa.