Njegere Zangu Nilizoziita Kunde

Habari hii inanivua nguo mbele yenu, lakini afadhali niisimulie mwenyewe, maana huko Kisarawe wanaitia chumvi (na wala haihitaji).

Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda na diploma ya kilimo, ya kwanza kijijini kwetu, niliyoipata kwa jasho langu bila kubebwa na mjomba wala shangazi, nikaja na mfuko wa mbegu za njegere ili niwauzie wapishi wa Wazungu kule Dar es Salaam. Siku ya kupanda, wanawake wakasimama njiani.

"Bwana Diploma, unapanda nini?"

Nikawatazama mmoja mmoja, nikaona kila jicho ni la mwizi wa mbegu, nikajibu, "Kunde tu. Kunde za kizungu."

Njegere zikaota vizuri, halafu asubuhi moja nikakuta ncha zote changa zimekatwa, na kesho yake tena. Nikamshuku jirani yangu Mzee Sefu, kwa kuwa alinisalimia kwa furaha mno, nikawashuku na mbuzi wake, nikapima nyayo kwa rula (ndiyo, rula ya chuoni). Mchana wake nikaalikwa chakula kwa wazazi wa Zena, binti niliyempelekea posa na wakati huo nilikuwa bado nangoja jibu. Mama yake, Bi Mwanahawa, akanipakulia ugali wa muhogo na mboga ya majani iliyoungwa kwa nazi, nikaomba niongezwe mara mbili. Habari za wizi sikuzitaja, maana hata wao sikuwaamini.

Ijumaa, kijiji kizima kikiwa barazani kwa jumbe, nikasimama na suti yangu. "Mwizi wa mazao yangu yumo humu, naomba afungwe!"

"Mimi ndiye niliyechuma," akasema Bi Mwanahawa, wala hakupandisha sauti. "Si ulituambia ni kunde? Majani ya kunde sisi huchumiana, tangu enzi za bibi zetu, na yakichumwa huchipua zaidi. Nani hapa aliwahi kuomba ruhusa?"

"Mama, zile ni njegere!"

"Basi juzi ulikula njegere, ukafuta na bakuli."

Mzee Sefu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nikaanza kuwaeleza tofauti ya mimea hiyo miwili, kwa kirefu, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Bi Mwanahawa peke yake hakucheka.

"Na mwanangu akichuma mboga shambani kwako, baba, utamleta kwa jumbe?"

Jibu la posa nikawa nimelipata pale pale, mbele ya watu wote.

Zena aliolewa Magindu. Njegere chache zilizozaa nilizipika mwenyewe, nikazila peke yangu. Na nimeapa, mtu akiniuliza nimepanda nini nitamtajia mmea kwa jina lake, tena nitamwambia achume, hata kama macho yake nayaona ya mwizi.