Taa Mbili na Kitanda cha Nne kwa Sita

Kwa miaka kumi na tisa Mama Picha alikaa chini ya mwavuli nje ya ofisi ya pasipoti, na kitambaa cheupe amekipigilia ukutani, stuli moja ya plastiki na kamera shingoni. Nusu ya mji amewapiga picha. "Inua kidevu. Usicheke. Hii si harusi." Kisha ofisi ikanunua kamera yake, ikaifunga pale pale dirishani, na watu wakawa wanampita tu na salamu.

Hakulalamika. "Wacha wafanye," aliniambia. "Wote wanatoka kama wameamshwa sasa hivi." Akaamua kufungua studio nyumbani: watoto wachanga, wahitimu wenye majoho, na wale wanaouza viatu mtandaoni wanaotaka kiatu kionekane kimetoka mbinguni. Kilichokosekana ni taa, na mahali pa kuziweka.

Mimi ni seremala, na ukuta wangu ndio ukuta wake, kwa hiyo msiniulize nimejuaje. Anaishi peke yake. Jioni namsikia akibishana na redio, anaiuliza swali na kuijibu. Chumba chake ni kidogo, sebule ni njia ya kupitia, na kinachobaki ni chumba cha binti yake, kizuri kuliko vyote, chenye kitanda cha nne kwa sita. Hakuna aliyelala humo kwa miaka saba. Lakini kila mwezi mashuka ya bluu ya kitanda kile huanikwa kwenye kamba, yamefuliwa, na jioni yanarudi kutandikwa.

Binti aliondoka kwa sababu ya mwanaume. Mama yake alimwambia, "Ukitoka na huyo usirudi," maneno ambayo mtu husema akiwa na hasira na kutegemea hayatasikika. Yalisikika. Na yule mwanaume, kwa bahati mbaya, akageuka kuwa mume mwema, hajampa mama mkwe hata siku moja ya kusema "si nilikwambia?" Basi ikabaki simu moja kila baada ya miezi miwili, na mashuka. Kuomba radhi Mama Picha hajui. Kufua anajua.

Siku ya kwenda kununua taa aliniomba nimsindikize nimbebee mizigo. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, mcheshi, anaijua kazi yake.

"Chumba chako kina ukubwa gani, mama?"

Akatoa karatasi aliyochorea chumba. "Nafasi iliyo wazi ni hatua mbili na nusu."

"Hatua mbili na nusu? Hapo utapiga picha ya paka, tena akiwa amejikunja." Akatuonyesha taa kubwa, kila moja na softboksi yake, lile sanduku la kitambaa cheupe linalolainisha mwanga. "Hizi ndizo za uso wa mtu. Moja upande huu, moja upande ule, na mteja akae mbali na ukuta ili kivuli kisimgande mgongoni. Lazima upate nafasi." Akaigeuza karatasi. "Na hiki kisanduku hapa katikati ni nini?"

"Kitanda."

"Anayelala hapo hawezi kuhamia sebuleni?"

"Hakuna anayelala."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Basi si ukitoe, mama? Unapata hatua nne na nusu! Unapanga hata familia nzima."

"Nitarudi," akasema Mama Picha.

Nje alikaa kwenye ngazi ya duka, akatoa simu. Sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo simu zake zote huziweka spika, tunazisikia mtaa mzima.

"Mwanangu, hamjambo? Watoto?"

"Hatujambo, mama. Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kuweka taa za studio kwenye chumba chako. Sasa kile kitanda sijui nikifanyeje."

"Kitanda gani?"

"Chako."

"Bado kipo?"

"Kipo."

Hapo ndipo nilipongoja. Nilisema moyoni, haya sasa, mwambie kwa nini kipo. Mwambie habari za mashuka. Mama Picha akasafisha koo.

"Kinakula nafasi," akasema.

Nilitamani kumnyang'anya simu.

"Kitoe tu, mama," binti akasema taratibu. "Hata tukija siku moja tutafikia hotelini. Tuko wanne sasa, tutakusumbua."

"Sawa."

Kufikia hotelini! Mtoto wa kumzaa, mji aliokulia, afikie hotelini kama muuza dawa za mende. Mama Picha alirudi dukani akanunua taa zote mbili bila kuomba apunguziwe, yeye ambaye hubishana hata na muuza chumvi. Njiani hakusema neno ila moja: "Fundi, leo hii uje ukichukue. Nitengenezee kiti kirefu cha wateja, na mbao zitakazobaki uzifanye fremu ya kutundikia kitambaa. Sitaki kukiona tena kikiwa kitanda."

Nilikwenda jioni ile ile nikafungua skrubu, nikatoa chaga moja moja, yeye amesimama mlangoni amekumbatia mashuka. Sikuwa na kazi nyingine wiki ile, na sura yake ilinitisha. Kesho yake nikapiga msumeno. Siku ya tatu saa nne asubuhi kiti kilikuwa kwenye kile chumba cha binti, kimepigwa randa, kimepakwa vanishi.

Tukawasha taa. Chumba kikawa cheupe mpaka nikaona aibu ya viatu vyangu. Alihitaji mtu wa kujaribia, na hapakuwa na mtu mwingine, basi nikakaa mimi kwenye kiti. "Inua kidevu," akasema. Akapiga moja. Simu ikalia.

"Mama, nilikuwa nawaza," binti akasema, anaongea haraka kama mtu aliyejizoeza. "Kile kitanda, kama fundi bado hajakichukua, kiache kwanza. Nimezungumza na baba watoto, tunaweza kuja mwezi ujao. Watoto wanataka kulala pale nilipokuwa nalala."

Mama Picha akanitazama. Akatazama kiti nilichokalia.

"Mama? Unanisikia?"

"Ameshakichukua."

"Amekiuza?"

"Amekikata."

"Siku tatu tu?" Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mama, mafundi wa huko wameanza kuwahi tangu lini?"

Miaka ishirini na mbili nimewaambia watu njoo kesho, gundi haijakauka. Nimetukanwa kwa makabati, kwa meza, kwa jeneza moja. Sijawahi kutamani kuwa nimechelewa kama nilivyotamani pale.

Nikamwonyesha kwa mikono: mwambie waje. Watalala chini, watabanana kwako, nitatengeneza kingine. Aliniona. Mdomo wake ulifunguka.

"Hotelini ni pazuri zaidi," akasema. "Kuna maji ya moto."

"Ee. Sawa, mama. Tutaangalia."

Na sote tunajua mtu akisema tutaangalia amesema nini.

"Dada," nikamwambia, "mpigie. Mpigie sasa hivi kabla hajaweka simu chini."

Aliweka jicho kwenye kamera.

"Nitampigia tukimaliza kupima taa," akasema. "Inua kidevu."

Taa zilikuwa sawa tangu picha ya kwanza. Tulizipima mpaka jioni.