Sauti ya Mama Kanini Iliyobaki Kaaga

Kathuri alikuwa fundi wa kompyuta katika redio ndogo ya kanisa pale Kaaga, na kama ulitaka kumuudhi, uache kitu kisicho na kazi kwenye mashine yake. Vipindi vyote vilikaa kwenye seva iliyoko Embu. Ukifungua folda ya vipindi, kompyuta ilijiunganisha na Embu yenyewe, kimyakimya. Hakuna aliyewahi kuiona ikijiunganisha, na Kathuri mwenyewe akasahau kwamba kuna kinachoiunganisha.

Basi siku moja akaunda upya kerneli, ule moyo wa mfumo, ili mashine iwe nyepesi. Akawa anaondoa hiki na kile. Alipofikia kipengele cha kuunganisha folda za mbali, akakizima. "Hiki nacho cha nani?" Jamani, si angeuliza hata mtu!

Juma hilohilo akamleta redioni mama yake, Kanini, kutoka Ruiri. Mama alikuwa anaumwa, na binti yake Kendi, aliyeko kazini Qatar, alinyimwa ruhusa ya kurudi. Wawili hao hawakuwa wamesemezana tangu Kendi aondoke kwa hasira. Mama alitaka kumrekodia baraka kwa mdomo wake mwenyewe, kwa Kimeru. Alipomaliza, Kathuri aliihifadhi sauti hiyo kwenye folda ya vipindi, akijua imefika Embu. Kumbe kile alichokizima ndicho kilichokuwa kikiiunganisha folda na Embu, na sauti haikuenda popote. Ilibaki palepale, kwenye diski ya Kaaga.

Ile kerneli mpya ikaanza kugandisha mashine. Kathuri akachoka nayo, akafuta diski nzima, akarudisha mfumo wa zamani. Vipindi viko Embu, ahofie nini?

Mama akafariki. Baada ya mazishi Kendi akapiga simu, akaomba sauti ya mama. Kathuri akafungua folda. Embu ikafunguka mara moja: mahubiri, kwaya, matangazo yote. Mama hayumo. Hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Akamweleza dada yake yote.

Kendi alilia, kisha akasema, "Basi niambie wewe. Si ulikuwa naye?"

"Alinitoa nje, Kendi. Alisema maneno ya mama na binti yake si ya kusikilizwa na mwanamume."

"Alikaa sana?"

"Sana. Akatoka akijifuta machozi, akaniuliza kama mashine imeshika yote. Nikamwambia, imeshika, mama."