Majibu ya Faith Yalikaa Mwaka Mzima

Saa kumi na mbili asubuhi, uji haujaiva hata nyumba moja hapa Kiegei, Scholastika Saturnini anapiga hodi kwa Goreti. Siku zote huja na vichupa. Leo ameshika karatasi.

Scholastika (46) ni mhudumu wa afya wa jamii. Kwa miaka miwili amezunguka Kiegei na Nambambo kwa baiskeli, akiwakusanyia watafiti wa mifupa mkojo wa watoto 31 wenye matege. Ni lazima mtoto awe hajala. Kumnyima mtoto wa mtu uji ni kutafuta matusi, na ameyapata ya kutosha.

Kabla ya watafiti hao, ushauri wake ulikuwa mmoja: mfukie mtoto mchangani hadi kiunoni, apigwe na jua. Faith, binti wa Goreti, alifukiwa kiangazi kizima. Miguu ikazidi kupinda.

“Nikamsema Goreti kisimani, mbele za watu. Nikamwita mvivu, eti anamfukua mtoto mapema. Mungu anisamehe,” anasema.

Wiki iliyopita, kwenye semina Ruangwa, aliona picha ya miguu ya Faith ukutani. Aliitambua kwa kovu la moto gotini. Kumbe majibu yalitoka mwaka jana: figo za mtoto zinamwaga fosfeti, madini ya kukomaza mfupa, yanapotelea kwenye mkojo. Jua peke yake lisingemponya. Dawa ipo, na husaidia zaidi ikianza mapema. Faith alikuwa na miaka mitano. Sasa ana sita.

“Nikasimama, nikauliza, ‘Mama yake ameambiwa?’ Mtafiti mmoja akanijibu, ‘Mama, ripoti iko mtandaoni.’ Mtandaoni! Goreti hata simu ya kitochi hana!”

Hakutoka ukumbini mpaka wakamchapia karatasi. Sasa anamsomea Goreti pole pole, mstari kwa mstari.

“Kwa hiyo sikuwa mvivu,” anasema Goreti.

“Hukuwa, mama Faith. Mimi ndiye nilikukosea.”

Goreti anamvuta binti yake karibu.

Watafiti wameomba mkojo wa awamu ya pili. Scholastika amegoma mpaka watoto 30 waliobaki wapelekewe majibu yao.

“Mkojo wa Faith umepanda ndege hadi Ulaya, mwenyewe hajafika hata Nachingwea mjini,” anasema. “Jumatatu atafika hospitali, hata kama nitambeba mgongoni.”