"Shikamoo, Mteule": Aibu ya muuza uji wa Igogo

Uji wa ulezi umeanza kutokota, na utani nao umeanza.

"Shikamoo, Mteule!" anaita Mzee Maige, mbeba magunia ya dagaa mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

Wilhelmina Machibya, mwenye miaka thelathini na minne, anainamia sufuria kana kwamba kuna kitu kimetumbukia. "Jamani mzee wangu, usinifanyie hivyo. Shikamoo wewe."

"Aa, mimi nakuogopa. Nikiitikia, si utasema nimejifanya Mungu?"

Wabeba mizigo wanacheka mpaka uji unawamwagikia. Hapa Igogo, jijini Mwanza, mzee kumwamkia binti wa umri wa mwanawe ni kumvua nguo hadharani.

Kikombe ni shilingi mia tano. Siku njema humwachia kama elfu kumi na mbili, akishatoa ulezi, sukari na mkaa. Masimango ni bure.

Aliyataka mwenyewe. Miaka minne iliyopita mwanawe alilazwa kwa nimonia. Jumuiya yake ya Kikatoliki haikutia mguu wodini. Waliofika ni watu wa kikundi cha maombi kilichokuwa kikikutana kwenye banda la kupanga, Mabatini. Walileta supu, wakakesha naye.

"Mtu amekuletea supu mtoto anaumwa, halafu akikuambia kitu utambishia?" anauliza.

Walichomwambia ni kwamba dunia yote imepotea, na Wakatoliki wenzake ndio wameshika usukani. Tena, shikamoo maana yake ni kushika miguu ya binadamu. Ukiamkia, umeabudu sanamu. Wao kwa wao walisalimiana, "Amani, mteule."

Basi akaacha kuamkia. Wazee walinyoosha vikombe, yeye kimya kama mtungi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama kwa Wakatoliki ni ya nne, kwa baadhi ya Wakristo wengine ni ya tano. Bandani Mabatini ilikuwa likizo.

Kisha baba yake akafariki. Alikuwa katekista kijijini kwao, Misungwi. Wilhelmina alikwenda mazishini, lakini akagoma kuingia kanisani. Misa nzima alikaa nje juu ya tofali, kama fundi anayesubiri kulipwa.

Jeneza lilipotoka, alisimama, na mama yake, Rebeka, akaja mbele yake akingoja. Kwa Wasukuma, mtoto wa kike humwamkia mzazi kwa magoti.

"Nikamwambia, 'Pole mama, ila mimi sipigii binadamu magoti,'" anasema Wilhelmina. "Jeneza la baba lile pale." Anageuka kukoroga uji ambao hauhitaji kukorogwa.

Kilichomtoa kundini ni magoti hayohayo. Kiongozi wao, waliyemwita Baba wa Kiroho, alikuwa anarudi safari, na waumini wakaamriwa wampokee wakiwa wamepiga magoti.

"Goti moja lilishafika chini. La pili likakataa. Nikajiuliza, hivi haya si ndiyo niliyomnyima mama?"

Akatoka, viatu mkononi.

Padri wa parokia hakumkemea. Alimpa kitubio, kisha akamwambia, "Na sisi tuna letu la kutubu, binti. Wodini hatukufika." Sasa ni mwaka mzima amerudi jumuiyani.

"Mungu hakunisumbua," anasema. "Kazi ipo kwa mama."

Rebeka hajamfukuza. Simu yake huipokea kila Jumapili. Ila Wilhelmina akisema, "Shikamoo, mama," upande wa pili hujibu kwa upole kabisa, "Amani, mteule." Halafu huuliza kama Mwanza mvua imenyesha.

"Bora angenitukana. Tusi ningejua pa kuliweka."

Jumamosi ijayo ni misa ya kumbukumbu ya baba yake. Wateja wameshaambiwa siku hiyo hakuna uji. Amepanga kumsubiri mama yake pale pale mlangoni pa kanisa la kijijini, watu wote wakiwepo, na kumwamkia kwa magoti.

Mzee Maige anaweka kikombe chini. Safari hii hatanii.

"Na akikujibu vilevile, binti yangu? Mbele ya kijiji?"

Wilhelmina anafuta mikono kwenye kanga, taratibu.

"Nitabaki hapo hapo chini, mzee. Watatoka kanisani, watanipita. Acha wanione. Siku ile waliniona nimesimama."